Gavana alimpigia debe aliyeshindwa: neno la kiongozi lina uzito gani kwenye mchujo?

*"Mwalimu, shikamoo. Ninaishi Des Moines, jimbo la Iowa. Nilikulia Kigoma, nikaja huku na wazazi, na sasa ni raia. Nimejiandikisha Republican kwa sababu ya msimamo wao juu ya utoaji mimba na shule. Mwaka 2023 gavana wetu, Kim Reynolds, alimuunga mkono Ron DeSantis, gavana wa Florida wakati huo, badala ya Trump, na kwenye kikundi chetu cha kanisani nusura tununiane. Wengine walisema amemsaliti mtu aliyempa kiti. Wengine wakasema gavana akishasema, chama kimesema, tufuate. Mimi nilimfuata gavana, DeSantis akaangushwa vibaya. Sasa maneno ya 2028 yameanza, na inasemekana mwakilishi wetu kwenye bunge la jimbo tayari ana mtu wake. Je, kauli hizi zina maana yoyote au ni kelele tu? Nikienda kinyume naye kuna ubaya? Na mdogo wangu mwenye kadi ya ukaazi anataka nimpeleke kwenye kokasi ijayo."*

Marahaba. Nianze na mdogo wako, ingawa umemtaja mwishoni, maana hilo ndilo jambo pekee katika swali lako linaloweza kumharibia mtu maisha. Kokasi ya Republican, yaani mkutano wa mchujo ambapo wanachama humpigia kura mgombea urais wanayemtaka, ni ya wapiga kura waliojiandikisha chini ya chama hicho, na kujiandikisha kupiga kura ni kwa raia tu. Hatari ni kwamba usiku ule fomu za kujiandikisha ziko palepale mlangoni. Mtu anafika, anajaza, anaingia. Mwenye kadi ya ukaazi akijaza fomu ile, ametia sahihi kwamba yeye ni raia, na tamko hilo linaweza kumfungia njia ya uraia, hata kumfanya arudishwe alikotoka. Asipige kura wala asiguse karatasi yoyote. Na kama amewahi kujaza fomu ya namna hiyo, hata kwa kupitiwa wakati wa kuchukua leseni ya udereva, asiulize mtandaoni na asiniulize mimi. Aende kwa wakili wa uhamiaji, ana kwa ana, kabla hajapeleka ombi lolote la uraia. Wewe kama raia ukiwa na shaka juu ya uandikishaji wako, ofisi ya kaunti inayosimamia uchaguzi itakujibu bure.

Sasa tuje kwa gavana.

Ninavyokusoma, DeSantis mwenyewe si tatizo lako kubwa. Ulimwamini kiongozi unayemheshimu, mtu wake akashindwa, na hujui kama ulipotoshwa au kama hapakuwa na la kufuata tangu mwanzo. Wenzako wamekupa majibu mawili yanayopingana, na yote mawili naona yamekosea mahali pamoja: upande mmoja unaichukulia kauli ya gavana kama amri, upande wa pili unaichukulia kama deni ambalo hakulilipa. Hebu tuyapitie.

Hili la "gavana akisema, chama kimesema" naelewa linakotoka. Sisi tuliokulia Tanzania tumezoea chama ambacho vikao vyake ndivyo vinavyokata majina. Mwaka 2015 Kamati Kuu ya CCM ilileta majina matano, Halmashauri Kuu ikabakiza matatu, Mkutano Mkuu ukampitisha Magufuli. Edward Lowassa, pamoja na umati wote uliokuwa nyuma yake, hata kwenye tano hakuingia, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa Chadema. Kule, mkubwa akitikisa kichwa kikaoni, jina limekwisha. Iowa hakuna kikao cha namna hiyo. Gavana hana kura ya turufu wala mjumbe wa kumpa mgombea. Usiku wa Januari 15, 2024, Reynolds alikuwa na karatasi moja, sawasawa na yako.

Wewe ulikuwepo, lakini wasomaji wengine hawajawahi kuiona kokasi. Watu hukusanyika jioni kwenye vituo zaidi ya 1,600, mashuleni, makanisani, kwenye kumbi za zimamoto. Kila mgombea anapata mtu wa kumsemea kwa dakika chache mbele ya majirani. Kisha vinagawiwa vipande vya karatasi, kila mtu anaandika jina analotaka, karatasi zinakusanywa na kuhesabiwa palepale mbele ya watu. Ni kura ya siri. Kwa hiyo swali lako la kwenda kinyume na mwakilishi wako lina jibu fupi: hakuna atakayejua usipomwambia mwenyewe, na hata ukimwambia hana la kukufanya kisheria. Ikitokea mtu amekutishia kazi au nyumba kwa sababu ya kura, hapo si mjadala wa siasa tena, tafuta mwanasheria.

Wajumbe 40 wa Iowa, wale wanaokwenda kwenye mkutano mkuu wa chama kumteua mgombea, waligawanywa kwa uwiano wa kura: Trump 20, DeSantis 9, Nikki Haley 8, Vivek Ramaswamy 3. Kwa asilimia, Trump alipata 51, DeSantis 21, Haley 19. Kati ya kaunti 99, Trump alichukua 98, na ile moja, Johnson, aliikosa kwa kura moja tu. Na hayo yalitokea ingawa DeSantis alikuwa amezunguka kaunti zote 99, ana gavana, ana wabunge 37 wa jimbo waliomtangazia uungaji mkono tangu Mei 2023, na ana Bob Vander Plaats, kiongozi anayesikilizwa sana na Wakristo wa kiinjili wa Iowa.

Kuhusu usaliti. Wanaosema Trump "alimpa kiti" wana chembe ya ukweli, na Trump mwenyewe aliandika hivyo mtandaoni Julai 2023 alipomkasirikia. Mwaka 2017 Trump alimteua gavana wa wakati huo, Terry Branstad, kuwa balozi China. Nafasi ikabaki wazi, na Reynolds akapanda. Lakini alipanda kwa sababu alikuwa naibu gavana tangu 2011 na sheria za jimbo ndizo zinazosema naibu anarithi. Kisha akagombea mwenyewe 2018, akapita kwa shida, na 2022 akapita kwa kishindo. Waliompa kiti mara hizo mbili ni wewe na jirani zako. Mimi binafsi hoja ya shukrani hainishawishi hata kidogo. Kama cheo ni zawadi ya mtu, basi mwenye cheo anamtumikia aliyempa, na sidhani hayo ndiyo wahafidhina wa Iowa wanayoyataka.

Malalamiko yenye uzito zaidi ni yale ambayo hukuyataja: kwamba gavana wa Iowa kwa desturi hukaa kando wakati wa mchujo, na Reynolds mwenyewe mwanzoni alisema asingeegemea upande wowote. Desturi hiyo ina sababu. Iowa imelinda nafasi yake ya kuwa ya kwanza kwa Republican kwa kuonekana uwanja sawa kwa wote, na mgombea akijua gavana ana mtu wake anaweza kuamua kupita mbali na jimbo. Aliyemlaumu gavana kwa hilo alikuwa na haki yake. Anayemtetea naye ana la kusema: Reynolds alieleza wazi kwamba haamini Trump angeweza kushinda uchaguzi mkuu, na kama kiongozi anaamini hivyo, kunyamaza kwake ni kuwanyima wapiga kura neno lake. Matokeo ya Novemba 2024 yalionyesha utabiri huo haukuwa sahihi. Kutabiri vibaya ni jambo moja na kusaliti ni jingine, na baada ya mchujo kuamuliwa alimuunga mkono Trump kama wengine.

Je, kauli yake ilisogeza kitu? Hapa tuna bahati, kwa sababu Iowa ilikuwa na kura ya maoni iliyoheshimika, ya gazeti la Des Moines Register na washirika wake, iliyofanyika kabla na baada. Oktoba 2023 ilikuwa Trump 43, DeSantis 16, Haley 16. Reynolds alisimama na DeSantis Novemba 6, Vander Plaats akafuata wiki mbili baadaye. Desemba ikawa Trump 51, DeSantis 19, Haley 16. Yaani DeSantis alipanda pointi tatu, ambazo zinaweza kuwa kuyumba kwa kawaida kwa hesabu za maoni, na Trump asiyeungwa mkono na gavana alipanda nane. Januari, siku chache kabla ya kokasi, DeSantis alikuwa amerudi 16.

Sababu yake unaweza kuiona mwenyewe ukijiuliza neno la kiongozi linamsaidia nani. Linamsaidia mtu ambaye hajaamua na hana njia nyingine ya kujua. Mpiga kura anakabiliwa na majina saba, manne hajawahi kuyasikia, hana muda wa kusoma sera za kila mmoja. Akiona mtu anayemwamini, aliyefanya naye kazi, ameelekeza kidole, anapunguza hesabu. Lakini mwaka 2023 mgombea mkuu alikuwa rais aliyemaliza miaka minne Ikulu. Kila mtu wa Iowa alikuwa na maoni yake juu ya Trump kabla gavana hajafungua kinywa. Kwa wafuasi wa Trump, Reynolds hakuwa na habari mpya ya kuwaletea. Aliweza tu kuwagusa waliokwisha kumchoka Trump, wakawa wanachagua kati ya DeSantis na Haley, na hao walikuwa wachache.

Kuna jingine linalofanya kauli hizi zionekane na nguvu kuliko zilivyo. Vander Plaats alikuwa amempigia debe Mike Huckabee 2008, Rick Santorum 2012 na Ted Cruz 2016, na wote watatu wakashinda Iowa. Watu wakasema mkono wake una baraka. Lakini jogoo akiwika si yeye anayeleta alfajiri. Wale watatu walikuwa tayari wanapendwa na Wakristo wa kiinjili, na huyu bwana alikuwa hodari wa kuona upepo unaelekea wapi. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyefika kupeperusha bendera ya chama.

Nisikuache ukidhani ni kelele tupu, maana hiyo nayo ni dhana potofu. Mwaka 2016 huko Wisconsin, gavana Scott Walker alimuunga mkono Cruz wiki moja kabla ya kura, na Cruz akamshinda Trump kwa asilimia 48 kwa 35. Walker hakuwa peke yake, watangazaji wa redio wa kihafidhina wa jimbo lile walikuwa wamemshambulia Trump kwa wiki kadhaa, na Walker alikuwa na mtandao wa watu wa kugonga milango alioujenga katika chaguzi tatu za miaka minne. Neno lake lilikuja na miguu. Upande wa Democrat, mfano unaotajwa kila mara ni Jim Clyburn, mbunge mkongwe wa South Carolina. Februari 26, 2020 alimtaja Joe Biden, siku tatu kabla ya kura, wakati Biden amefanya vibaya Iowa na New Hampshire na wapiga kura wengi Weusi wa jimbo hilo wanasubiri kuona. Biden akapata karibu nusu ya kura zote katika uwanja wenye wagombea wengi, na karibu nusu ya waliohojiwa wakitoka vituoni walisema neno la Clyburn lilikuwa na uzito katika uamuzi wao. Angalia hali ilivyokuwa: watu hawajaamua, muda umebana, msemaji ni wa kwao kwa miongo kadhaa.

Sasa weka hapo mifano mingine miwili ya kihafidhina. Januari 2016, huko kwenu Iowa, gavana Branstad aliyetajwa juu alisema waziwazi angependa Cruz ashindwe, kwa sababu ya msimamo wa Cruz juu ya ethanoli, mafuta yanayotengenezwa kwa mahindi. Wakulima wa mahindi ndio uti wa mgongo wa siasa za Iowa. Cruz akashinda kokasi hata hivyo. Na mwaka uleule, Mike Pence, akiwa gavana wa Indiana, alisema atampigia kura Cruz huku akimsifu Trump kwa pumzi hiyohiyo. Siku nne baadaye Trump alimshinda Cruz kwa zaidi ya pointi 16. Julai, Pence alikuwa mgombea mwenza wa Trump. Wapiga kura walikuwa wameisikia sauti yake ikisita, na nadhani walimsoma vizuri.

Hapo ndipo ninapotaka ukae kidogo, kwa sababu ndipo utakapopata faida. Kiongozi anapomtaja mgombea, anasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Anakuambia kuhusu mgombea, na anakuambia kuhusu yeye mwenyewe: anamwogopa nani, anatarajia nini, anadhani nani atashinda. South Carolina ni darasa zima la jambo hili. Desemba 2012 Nikki Haley, akiwa gavana, alimteua Tim Scott kuwa seneta. Februari 2016 wote wawili walisimama na Marco Rubio, seneta wa Florida wakati ule, ambaye alipigwa na Trump kwa pointi kumi na akamzidi Cruz kwa sehemu ndogo sana ya asilimia (huenda hiyo nafasi ya pili ndiyo zawadi pekee waliyompa). Kisha Januari 2024 Haley mwenyewe akiwa mgombea, siku chache kabla ya kura ya New Hampshire, Scott akapanda jukwaani kumuunga mkono Trump. Usiku wa matokeo alisimama nyuma ya Trump, Trump akamtania kwamba lazima anamchukia sana Haley, na Scott akasogea kwenye kipaza sauti akasema anachojua ni kwamba anampenda Trump. Mwezi uliofuata Haley alishindwa nyumbani kwake, karibu 60 kwa 40. Naye Henry McMaster, aliyekuwa naibu gavana wa Haley, alikuwa amemuunga mkono Trump mapema kabisa, Januari 2016. Trump aliposhinda akampeleka Haley Umoja wa Mataifa, na McMaster akawa gavana. Sisemi waliuza dhamiri zao. Mtu anaweza kumwamini mgombea kwa moyo wote na bado akajua mahesabu yake. Nasema tu usisikilize nusu moja ya ujumbe.

Kwa hiyo, mwakilishi wenu. Hali ya 2028 ni tofauti na ya 2023 kwa jambo moja kubwa: Trump hawezi kuchaguliwa tena, Katiba imeweka kikomo cha mara mbili. Uwanja wa Republican utakuwa na watu ambao wapiga kura wengi hawawajui vizuri, na hapo neno la mwenyeji linaweza kuwa na uzito kuliko ulivyoona safari iliyopita. Lakini mwakilishi wa jimbo si gavana. Thamani yake iko kwenye vitu vidogo: ana orodha ya simu za watu wa kujitolea, anajua nani ataendesha gari kuwachukua wazee usiku wa baridi, anaweza kusimama kituoni kwenu na kuzungumza mbele ya watu wanaomjua kwa jina. Mwaka 2024 watu wapatao 110,000 tu walishiriki, pungufu sana ya wale karibu 187,000 wa 2016, kwa sababu ya baridi iliyovunja rekodi na pia kwa sababu wengi waliona mshindi anajulikana. Katika mkusanyiko mdogo hivyo, kituo kimoja kinaweza kugeuzwa na watu kumi waliopigiwa simu. Trump alilielewa hilo kuliko wote. Wale makapteni wake wenye kofia nyeupe za maandishi ya dhahabu uliowaona mlangoni, kila mmoja alikuwa na orodha ya majirani wa kuwaleta. Wabunge 37 wa DeSantis walifanya habari nzuri ya gazeti mwezi Mei. Januari, walioleta watu vituoni ni wale wenye kofia.

Ukinihoji ningefanya nini nikiwa wewe: kauli ya kiongozi ningeitumia kuchuja mapema, siyo kuamua mwishoni. Kama mwakilishi amekaa kwenye kamati ya elimu, akapigania ile sheria ya 2023 inayowawezesha wazazi kupata fedha za jimbo kulipia shule binafsi, na akakuambia mgombea fulani ana rekodi nzuri kwenye hilo, msikilize, hapo anazungumza jambo analolijua. Akikuambia mgombea huyo ndiye atakayeshinda uchaguzi mkuu, hana ujuzi kukuzidi. Hata gavana alikosea.

Ulimfuata Reynolds 2024 na mtu wake hakushinda. Mchujo ni mahali pa kumtaja unayemtaka, na kura yako ilihesabiwa ndani ya zile zilizompa DeSantis wajumbe tisa. Wale wenzako wa kikundini waliomchagua Trump nao hawakukushinda kwa hoja, walikuwa wengi zaidi. Ukirudi kujadiliana nao, punguzeni neno "msaliti", maana likishatamkwa mtu anaanza kujitetea na hamtafika kwenye sera. Na kikundi kikiwa cha kanisa, ni busara mkakubaliana kwamba mjadala huo ufanyike baada ya maombi, na asiyetaka kubaki aondoke bila kuulizwa.

Wawakilishi wengi wa Iowa hufanya mikutano ya wazi na wakazi wikendi, bunge la jimbo linapokuwa kwenye kikao. Nenda, kaa mbele, na ukipewa kipaza sauti muulize mambo matatu kwa utulivu: umewahi kufanya kazi na mgombea huyu au umemwona tu jukwaani, kampeni yake imekuahidi au imekuchangia chochote, na je, usiku wa kokasi utakuja kusimama kituoni kwetu umsemee mwenyewe? La tatu ndilo ningelisikiliza zaidi.